Hamali Aliyesimama Hafanyi Kazi

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili, tarehe 17 Agosti 1975
Asubuhi: mawingu mepesi, upepo wa kusi, ubaridi wa kutaka khanga ya pili mabegani. Jua limejitokeza saa mbili na nusu.

Kaka Bakari,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu Mama alinifundisha hivyo, na kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa. Sababu ya tatu nimeitafuta tangu alfajiri sijaiona. Natumaini mgongo wako umepoa, wifi yangu amejifungua salama, na mikorosho ya Mama imechanua vizuri mwaka huu. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nimeisoma mara tatu na kupigia mstari maneno yaliyonichoma, na karatasi sasa ina mistari mingi kuliko maneno. Unasema nimewatukana wabeba mizigo wa Kariakoo, watu wenye jasho lao, mpaka naitwa kujieleza katika tawi la chama. Unasema umelieleza jambo hilo kwa Mjomba, barazani, mbele ya wazee, na Mjomba ameinamisha kichwa. Unasema mwalimu asiyeogopwa ni sanamu ya shambani, hata nyani humzoea akaja kukaa begani pake. Na mwisho unaniamuru nirudi Newala, kwa kuwa chama cha ushirika kinatafuta karani na ukarani unamfaa mwanamke.

Nani alikuambia? Yule muuza khanga wa kwetu, ambaye naye aliambiwa sokoni. Mimi hukuniuliza. Mwalimu wa miaka kumi na mitano kazini, unatoa alama kabla ya kusoma jibu.

Basi soma sasa. Ninayo shajara, unajua tangu utoto kwamba sikosi kuiandika, na yote nitakayokueleza yamo humo kwa tarehe zake.

Kwanza ujue ninachopigania. Mwaka wangu wa majaribio unaisha mwezi huu. Mkuu wa Shule akitia sahihi, nathibitishwa kazini, na nitakuwa mwalimu wa fizikia kweli, si mtu wa kujaribiwa. Asipotia, naweza kuhamishwa popote au kuambiwa kazi hii si yangu. Hakuna katika ukoo wetu mwanamke aliyewahi kufundisha sekondari. Wewe unalijua hilo, na nadhani ndilo linalokuwasha.

Miezi ya kwanza ya mwaka huu nilifundisha kama ulivyonifundisha wewe darasa la nne. Niliandika ubaoni, wakanakili. Niliuliza, "Mmeelewa?" Wakaitika kwa pamoja, "Yesi, madamu!" Watoto hawa wamesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, wanaingia kwetu wanakuta kila kitabu ni Kiingereza. Hilo "yesi" lilikuwa kama "amina" ya mtu asiyejua dua imesema nini. Mimi nikaridhika. Nimezisoma tena kurasa zangu za Februari hadi Juni na nimeona haya. Kila siku nilipoandika "darasa kimya", kando yake nimeandika "somo zuri".

Mwezi wa Juni niliwapa jaribio. Wote waliandika kanuni ya kazi katika fizikia bila kukosea herufi: nguvu mara umbali. Nikawauliza kwa mdomo maana yake, hakuna aliyejua. Hata mmoja.

Kwa hiyo Jumatatu tarehe 21 Julai niliamua kuwaeleza kwa Kiswahili, kwa mfano wa mtaani. Shule yetu iko hatua chache kutoka soko jipya, na madirishani mwa Kidato cha Pili mikokoteni hupita kutwa. Nikamwona hamali amesimama na gunia kichwani, anamsubiri tajiri wake amalize kubishana bei. Nikawaambia, "Mnamwona yule? Gunia haliendi popote. Umbali ni sifuri. Hamali aliyesimama na gunia kichwani hafanyi kazi yoyote."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Sauti ikatoka nyuma, "Kumbe babake Mwajuma kupe!"

Huhitaji kuelezwa uzito wa neno hilo siku hizi. Huko nyumbani nanyi mnaimba kila mkutano kwamba asiyefanya kazi ni kupe, mnyonya damu ya wenzake. Sikujua kwamba baba wa Mwajuma ni hamali. Miezi sita namfundisha mtoto na sikujua baba yake anakula nini.

Mwajuma ni msichana mwembamba, hakai mbele wala nyuma, hajawahi kunyoosha mkono. Siku hiyo hakunyoosha, alisimama tu.

"Mwalimu, baba yangu hutoka nyumbani saa kumi alfajiri. Akirudi hawezi kugeuza shingo, tunamkanda kwa maji ya moto. Hiyo kama si kazi, ni nini?"

Nikasema, "Kitabu kimesema si kazi."

"Kitabu kimesema kwa nini?"

Wenzake wakaguna, "Eeeh!" Wakanitazama. Kaka, sikuwa na jibu. Jibu nilikuwa nimelikariri kama wao. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kwa sababu mimi ndiye mwenye chaki." Nikamwita mbele, akanyoosha kiganja, nikamchapa viboko viwili.

Unayakumbuka maneno hayo? Hayakuwa yangu. Ulinipa wewe, darasa la nne, siku niliyokuuliza kwa nini namba haigawanywi kwa sifuri. "Kwa sababu mimi ndiye mwenye chaki, Somoe." Na ukanichapa viwili, ukaniambia nyumbani wewe ni kaka, hapa ni mwalimu. Nilikaa na swali hilo mpaka kidato cha tatu, aliponijibu mtu mwingine kwa dakika tano. Mimi sikukulaumu wakati ule. Nakulaumu sasa, kwa kuwa nimeona fimbo yako imesafiri nami kutoka Newala mpaka Kariakoo, na mimi ndiye niliyeibeba.

Kesho yake Mwajuma hakuja. Alikuja baba yake.

Anaitwa Mzee Kondo, Mzaramo wa hapahapa mjini, mfupi, shingo nene kama kinu. Aliingia uwanjani wakati wa mapumziko, wanafunzi wote wako nje, amebeba gunia la mchele kichwani juu ya kata yake ya matambara. Hakulitua. Akasimama mbele ya ofisi ya waalimu akaita, "Mwalimu wa kazi yuko wapi?"

Mwenzangu mmoja akanong'ona, "Toka dada, mteja wako huyo."

Nikatoka. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Unaniona?"

"Nakuona."

"Nafanya nini?"

Wanafunzi walikuwa wamezunguka pande zote. Mzee Kondo akasema, "Mimi nasubiri tu. Wewe si umesema nikisimama sifanyi kazi? Basi sichoki. Nitakaa hapa mpaka adhuhuri, nastarehe." Jasho lilikuwa linamtiririka puani. Wanafunzi wakaanza kucheka, safari hii wakinicheka mimi. Nikamwambia maneno ambayo ningependa kuyafuta katika shajara, lakini sifuti: "Mzee, mambo haya ni ya kitaalamu, huwezi kuyaelewa."

"Sawa," akasema. "Mtaalamu umempiga mtoto wangu kwa kuwa kauliza. Mimi nimemleta shule ili aulize." Akageuka na gunia lake akaenda zake. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja tawini.

Mkuu wa Shule aliniita mchana huohuo. Ni mtu anayepiga pasi hata leso. Akanionyesha karatasi zangu za kuthibitishwa mezani pake. "Ndugu Somoe, kalamu hii ilikuwa mkononi. Umewaita wafanyakazi kupe karibu na soko, mwaka huu, nchi hii. Sitii sahihi mpaka mambo haya yaishe." Nikamweleza kwamba neno kupe halikutoka kinywani mwangu. Akasema, "Limetoka darasani mwako." Hapo alisema kweli, na nilimchukia kwa kusema kweli.

Kwa siku tatu nilikuwa na hasira na kila mtu: na Mzee, na Mkuu, na yule wa nyuma aliyepiga kelele, na mwandishi wa kitabu ambaye bila shaka hajawahi kubeba hata ndoo. Ijumaa nikakaa na kitabu nikajiuliza swali la Mwajuma kama vile nimeulizwa upya. Kwa nini si kazi? Nikaona kwamba sijui. Najua kanuni, lakini kwa nini mtu achoke bila kufanya kazi, hilo sijui kumweleza mtoto wa hamali.

Jumamosi tarehe 26 nilikwenda sokoni saa kumi na mbili asubuhi. Kuna sehemu ya chini ya soko, wanaiita Shimoni, ambako malori yanashusha. Nilipomuulizia Mzee Kondo, mahamali walianza.

"Oyaa, mwalimu wa kupe kaja!"

"Kaja kutukagua, simameni vizuri!"

"Usisimame wewe, utafukuzwa kazi!"

Mmoja aliyekuwa amekaa juu ya magunia akasema, "Dada, mimi nimekaa kabisa. Hiyo kwenye kitabu chako inaitwaje?" Wakacheka mpaka wakapigana mabegani. Nilikuwa nimestahili.

Mzee Kondo alikuja hana haraka. Nikamwambia, "Mzee, nimekuja kuuliza." Akavua kata yake akaniwekea kichwani, akawaashiria wawili wakanitwika tenga la nyanya, si gunia, alinionea huruma. "Simama," akasema, akaenda kuhesabu mali ya tajiri wake.

Kaka, sikumbuki kusimama kama kule. Mwanzoni ni uzito. Baadaye shingo inakuwa na moto wake, magoti yanaanza kuzungumza yenyewe. Wapita njia walisema, "Mwalimu, mtihani mgumu?" Aliporudi alinitua mwenyewe.

"Haya. Umefanya kazi?"

"Nimefanya," nikasema, kwa moyo wote.

"Nani atakulipa?"

Nikatazama huku na huku. Wakacheka tena, lakini kicheko kingine.

"Hakuna," akasema Mzee Kondo. "Tenga liko palepale. Tajiri halipi kusimama, analipa kitu kikipanda garini. Sisi huku kusimama na mzigo tunaita kuuguza. 'Umefanya nini leo?' 'Ah, leo nimeuguza tu.' Unachoka kama mtu aliyekesha na mgonjwa, na mgonjwa hamlipi anayemuuguza. Kazi ni pale gunia linapopanda. Hilo nalijua miaka ishirini, sikuhitaji Kiingereza."

Nilitaka kukaa chini palepale kwenye maganda ya vitunguu. Alikuwa amenifundisha sura nzima ya kitabu. Mzigo haukusogea, kwa hiyo hakuna kazi iliyofanyika juu ya mzigo. Mwili wake umechoka, hiyo ni habari ya mwili wake, na fizikia haikuulizwa hilo. Kosa langu lilikuwa kuchukua neno moja, kazi, lenye heshima ya watu ndani yake, na kulitupa darasani kana kwamba ni neno la kitabu tu.

Nikamwambia, "Mzee, nilimpiga mtoto wako kwa kuwa sikuwa na jibu."

"Najua," akasema. "Usiniambie mimi. Mwambie yeye, na pale pale ulipompigia."

Jumatatu tarehe 28 Mwajuma alirudi. Nilisimama mbele ya Kidato cha Pili nikasema, "Wiki iliyopita Mwajuma aliniuliza swali zuri. Sikulijua jibu. Badala ya kusema sijui, nilimpiga. Mwajuma, nimekosa, naomba unisamehe." Hujawahi kusikia kimya kama kile, Kaka. Si kile nilichokuwa nakiandikia "somo zuri". Mwajuma alitazama dawati akasema, "Nimesamehe, mwalimu." Kisha yule wa nyuma, bila kuambiwa, akasimama akasema naye alisema kupe, naye amekosa.

Tukaanza somo. Nikaandika ubaoni kuuguza upande huu na kazi upande huu. Mwanafunzi mmoja akasimama na dawati kichwani, mwingine akapandisha tofali mezani. Wakabishana. Wakaniuliza maswali ambayo mengine sikuyajua, nikasema sijui, tutatafuta. Darasa lilikuwa na kelele mpaka mwalimu wa jirani akagonga ukuta. Nimeandika katika shajara: "Makelele. Somo zuri."

Katika jaribio la wiki iliyofuata swali lilikuwa hilohilo, kwa Kiingereza, kama litakavyokuja katika mtihani wa taifa. Mwajuma alijibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, na mimi nakupa kwa Kiswahili: "Juu ya mzigo, baba yangu hakufanya kazi. Juu ya baba yangu, iulizeni shingo yake." Nikampa alama zote.

Sasa tawini, ambako unasema naenda kuaibika. Tulisikilizwa juzi Ijumaa: mimi, Mkuu wa Shule, Mzee Kondo. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akamuuliza Mzee Kondo kesi yake ni nini. Mzee akasema, "Sina kesi na fizikia, Mwenyekiti. Nilikuwa na kesi na fimbo. Mwalimu ameomba radhi pale alipokosea. Mimi nimemaliza, nina lori linashusha." Akavaa kofia yake akatoka. Mwenyekiti akafunga daftari.

Basi ndiyo aibu yangu, mpelekee Mjomba.

Lakini Mkuu wa Shule hakufunga la kwake. Nje ya tawi aliniambia, "Umenishushia hadhi ya waalimu wote. Mwalimu anaomba radhi kwa mtoto, mbele ya watoto? Kesho watataka tuwaombe radhi sote." Ungekuwepo mngekumbatiana, Kaka, mmezaliwa tumbo moja nyinyi wawili. Kisha akatoa karatasi moja nyeupe, na unajua shida ya karatasi mwaka huu. Akasema niandike kwa mkono wangu kwamba nafuta kauli, na kwamba hamali aliyesimama anafanya kazi, ibandikwe ubaoni wanafunzi wote waisome. Jumatatu saa moja na nusu iwe mezani pake, naye atatia sahihi karatasi zangu saa hiyohiyo. Isipokuwepo, ataandika niongezewe mwaka mwingine wa majaribio, au nipelekwe kwingine watakakonitaka.

Nimekaa na karatasi hiyo siku mbili. Sitakudanganya, jana nilikaribia kuandika. Ni mstari mmoja. Mama angepata habari kwamba nimethibitishwa, nawe ungefunga mdomo. Lakini mstari huo Mwajuma angeusoma. Yeye na wenzake wangekwenda katika mtihani wa taifa na kujibu kama mwalimu wao alivyobandika, na wangekosa, na hapo hakuna mwenyekiti wa kuwafutia. Nimemwomba radhi kwa fimbo kwa kuwa ilikuwa kosa. Siombi radhi kwa jambo la kweli, hata kama nililisema vibaya. Ukishindwa kuona tofauti ya mambo hayo mawili, rudi darasa la nne ukae dawati langu la zamani.

Kwa hiyo sirudi. Ukarani mpe mwingine. Na kwa kuwa ulieleza uvumi barazani kwa sauti, isome na barua hii barazani, mbele ya Mjomba, kwa sauti ileile, pamoja na pale panapokuuma. Mimi nimekiri langu mbele ya darasa zima. Wewe una wazee sita tu.

Mpe Mama mikono yangu yote miwili, umwambie dawa ya miguu nimempa dereva wa lori la korosho, anayemjua. Wifi yangu mwambie nataka jina la mtoto. Shangazi aliyenilea, ambaye najua atacheka katika sehemu ya nyanya, msomee sehemu hiyo mara mbili. Mjomba mwamkie kwa heshima zote, na umwambie sijainamisha kichwa ila nilipotwikwa tenga. Bintiyo mkubwa anayeanza darasa la nne mwezi Januari, darasani mwako, mwambie shangazi yake wa Dar es Salaam amesema aulize. Nawe ukimchapa nitajua.

Nimemaliza hasira, sijamaliza udugu.

Mdogo wako, mwalimu wa fizikia,
Somoe

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Bahasha bado haijafungwa, naongeza haya. Karatasi ya Mkuu ipo mezani pangu. Nimeandika juu yake, pande zote mbili, maswali ya jaribio la leo la Kidato cha Pili, kumi, na la mwisho sijui jibu lake. Usiku nililala saa saba kasoro dakika kumi.